Nyumba Yenye Fukuto

Watu wakaao pwani, tangu Lamu hata Mtwara, wanajua ya kuwa joto si la namna moja. Liko joto la jua, limpigalo mtu aendaye shambani adhuhuri bila kofia. Tena liko fukuto, ambalo humshika mtu akiwa ameketi kimya ndani ya nyumba yake, pasipo jua wala moto, nguo zikamganda mwilini na usingizi ukamkimbia. Joto la kwanza hupungua mara mtu aingiapo kivulini. La pili halijali kivuli. Mwenye nyumba aliyepatwa na fukuto kwa kawaida hutafuta dawa kabla ya kuujua ugonjwa: hununua feni, au huvunja ukuta, au hukopa fedha akaleta kiyoyozi, na mara nyingi fedha hutoka na fukuto hubaki. Nyumba nayo hupimwa, kama mgonjwa apimwavyo, kabla ya kupewa dawa.

Kwanza yafaa kuujua mwili wa mtu. Mwili una joto la digrii 37 hivi za sentigredi, nao haupendi kuzidi hapo wala kupungua. Mtu aliyeketi tu, asiyefanya kazi, hutoa joto karibu sawa na taa ya umeme ya wati 100 ya namna ya zamani. Kwa hiyo watu sita waliokaa ukumbini wakizungumza ni kama taa sita kubwa ziwakazo pamoja. Joto hilo sharti lipate njia ya kutoka. Hewa iliyo baridi kuliko ngozi hulichukua. Lakini hewa ikikaribia joto la ngozi, njia hiyo huwa nyembamba, nayo hubaki njia moja kubwa, yaani jasho. Wengi hudhani ya kuwa jasho lenyewe ndilo limpozalo mtu. Sivyo. Limpozalo ni kukauka kwake. Kila tone ligeukapo kuwa mvuke huondoka na joto la ngozi, na joto hilo ni jingi mno: lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya mwili, huchukua joto liwezalo kuchemsha zaidi ya lita saba za maji yaliyotekwa kisimani. Bali jasho lidondokalo chini limepotea bure.

Sasa itazamwe hewa ya pwani. Hewa hupakia mvuke kama jahazi lipakiavyo shehena, na kila jahazi lina kiasi chake. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la digrii 30 haichukui zaidi ya gramu 30 hivi za mvuke; ikipoa hata digrii 20, kiasi chake hushuka mpaka gramu 17. Hewa ya pwani, hasa mwezi wa Machi kabla masika hayajashika, huwa imekwisha kujaa robo tatu au zaidi. Katika chumba chenye mita nne kwa nne na kimo cha mita tatu, hewa ya namna hiyo ina maji yapatayo lita moja, ingawa hakuna ayaonaye. Basi jasho likitaka kukauka hukuta jahazi limejaa.

Jambo hili mwanafunzi aweza kuliona kwa mtungi wa udongo. Maji hupenya katika udongo wake kidogo kidogo, yakakauka nje, na yale yaliyobaki ndani yakapoa. Dodoma, mahali palipo juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1,100 na penye hewa kavu, mtungi uliowekwa kivulini wakati wa kiangazi huwa na maji baridi ya kufurahisha koo. Mtungi huo huo ukipelekwa Tanga wakati wa mvua hupoza kidogo tu, na nje yake hubaki na majimaji. Mtungi na mwili wa mtu ni ndugu katika jambo hili.

Ziko njia za kulipima jambo hili kwa hesabu. Hutwaliwa vipimajoto viwili vilivyo sawa; kimoja huachwa kikavu, na tumbo la cha pili huvikwa kitambaa cha pamba kilicholowa maji, kisha vyote viwili hupepewa. Kile chenye maji hushuka, kwa kuwa maji yanakauka. Kikavu kikisoma 30 Dodoma siku ya hewa kavu, kile chenye maji chaweza kushuka mpaka 20 hivi. Pwani, siku kikavu kisomapo 30 hiyo hiyo, chenye maji hushuka mpaka 26 tu. Watu wa mahali pote pawili husema wana joto la digrii 30, na wote wasema kweli, walakini hawana hali moja. Mwaka 1905 mtaalamu wa Uingereza, J. S. Haldane, alichapisha habari za majaribio yake juu ya watu waliokaa mahali penye joto kali, na akaonyesha ya kuwa kipimajoto chenye maji ndicho kisemacho habari za mwili. Katika hewa iliyotulia, kile chenye maji kilipopita digrii 31 hivi, joto la mwili wa mtu lilianza kupanda, ingawa hakuwa akifanya kazi. Hapo si habari ya kukosa raha tena. Ni hatari, na wa kwanza kuipata ni watoto wachanga, na wazee, na wagonjwa wa moyo.

Basi fukuto la nyumbani laweza kuwa na asili nyingi: paa, au kuta, au hewa isiyokwenda, au mvuke uliozidi. Dawa ya asili moja haiponyi nyingine. Ili jambo hili lieleweke, na itazamwe nyumba moja ya mfano.

Karani mmoja wa Tanga alivunja nyumba ya marehemu baba yake, iliyokuwa ya udongo na makuti, akajenga mahali pale nyumba ya matofali ya saruji na mabati. Watu walimsifu. Lakini tangu kuhamia, mama yake mzee hakupata usingizi mwema, na mtoto mchanga alijaa harara shingoni na mgongoni, akawa analia usiku kucha. Karani alikuwa na akiba ya karo ya shule ya mwanawe mkubwa. Akaazimu kuitoa akanunue kiyoyozi. Kabla ya kufanya hivyo alimwita mzee mmoja, fundi mwashi, aliyejenga nyumba nyingi mjini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?”

“Hajambo kidogo, lakini halali. Na mtoto ndio hivyo unavyomsikia. Nimeona heri ninunue kiyoyozi, nawe unionyeshe mahali pa kukitia.”

“Nitakuonyesha ukitaka. Lakini kwanza niambie, fukuto lenu huanza saa ngapi?”

Karani akastaajabu. “Saa, mzee?”

“Ndiyo, saa. Joto la bati huja na jua na kuondoka nalo. Joto la ukuta huchelewa. Jua hulitia mchana, nalo hutoka usiku. Na fukuto la mvuke halina saa yake, ila huzidi watu wakiwa wengi na mlango umefungwa. Niambie saa, nami nitajua pa kuanzia.”

Yule mama akajibu kutoka barazani: “Mimi mchana hukaa ukumbini, na kinachowaka ni kichwa. Usiku chumbani ni mwili wote, tena kuelekea ukutani.”

“Ahsante, bibi,” akasema fundi. “Umekwisha kunifanyia nusu ya kazi.”

Ikawa saa saba mchana. Fundi aliingia ukumbini, akasimama katikati, akainua mkono. Kiganja kilipotazama juu kiliona joto kama la jiko. Kilipotazama chini hakikuona neno. Ndipo akaomba mkeka, akamwambia karani aushike juu ya vichwa vyao kama mwavuli. Mara ile ile kichwa kikapata nafuu, ingawa hewa ya ukumbi haikubadilika hata kidogo, na kipimajoto kilichokuwa ukutani hakikushuka. Kama kosa lingalikuwa katika hewa, mkeka usingalifaa kitu. Kwa hiyo joto lile lilikuwa likishuka moja kwa moja kutoka batini, kwa mionzi, kama vile joto la moto limfikialo mtu aketiye mbali nao. Bati jembamba juani hupata moto hata haliwezi kushikika kwa mkono, na lisipokuwa na dari chini yake, nyumba nzima hukaa chini ya kaango.

Makuti hayana tabia hiyo. Kuti moja huwa juu ya jingine mpaka paa likawa nene. Ndani yake mna hewa, na hewa haipitishi joto upesi. Tena hewa moto ya chumbani hupata kupenya ikatoka. Kweli makuti huoza, na hushika moto upesi, na huhitaji kuezekwa upya baada ya miaka michache. Watu hawakuyaacha bure. Lakini aliyetoka katika makuti akaingia katika bati bila kuweka dari amebadilisha vitu viwili kwa mara moja, naye hudhani amebadilisha kimoja.

Fundi akatoka nje akatazama pembe za ukuta zilizo chini ya paa. Akaona matundu yaliyoachwa na waliojenga yamezibwa kwa saruji. Karani alisema aliyaziba kwa ajili ya popo. Fundi akamwambia ayafungue na kuyatilia wavu wa waya, ili hewa moto iliyo chini ya bati ipate kutoka; kisha aweke dari, hata ikiwa ya mbao nyembamba au ya mikeka minene, lakini asiigandamize na bati, bali aache nafasi kati yake. Tena bati lenyewe lipakwe rangi nyeupe kwa nje. Rangi nyeupe hurudisha mwanga mwingi wa jua, na bati hubaki na joto pungufu sana kuliko bati la zamani lililoingia kutu. Rangi hii huchakaa kwa mvua na vumbi, nayo hutaka kurudiwa.

Jambo la pili lilikuwa chumba cha mama. Fundi alirudi saa nne usiku, jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi, akaweka kiganja juu ya kuta zote nne, mmoja mmoja. Ukuta wa magharibi ulikuwa bado na joto kama mkate uliotoka sasa hivi jikoni. Kuta nyingine zilikuwa zimepoa. Na kitanda cha mama kiliuegemea ule ukuta wa magharibi.

Sababu yake ni mwendo wa jua. Tanga, kama miji yote ya pwani hii, haiko mbali na mstari wa Ikweta. Adhuhuri jua huwa karibu na utosi, nalo hupiga paa kuliko kuta. Lakini asubuhi na jioni jua huwa chini, likapiga kuta za mashariki na magharibi uso kwa uso. Kwa hiyo nyumba njema ya pwani huelekeza pande zake ndefu kaskazini na kusini, na upande wa magharibi hupewa ghala, au choo, au mti. Wajenzi wa zamani wa Lamu na Unguja walijua kinga nyingine: njia nyembamba, ambamo nyumba moja huipa nyingine kivuli, na kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa ambazo joto la mchana huchukua saa nyingi kuzipenya. Jumba la Beit-el-Ajaib, lililojengwa Unguja mwaka 1883 wakati wa Sayyid Barghash, lilizungushiwa baraza pana ghorofa kwa ghorofa, hata jua lisiguse kuta za vyumba vyake. Watu hutazama nguzo wakasifu fahari. Kazi ya zile baraza ilikuwa kivuli pia.

Walakini ukuta mnene si dawa ya kila mahali. Tembe za Wagogo, zenye kuta na paa la udongo, zinafaa sana Dodoma, kwa kuwa usiku wa huko ni baridi, na ukuta hupata wakati wa kupoa kabla ya kupambazuka. Pwani usiku haupoi hivyo, bahari huushikilia. Ukuta uliojaa joto hubaki nalo, ukalitoa polepole juu ya mtu aliyelala. Basi pwani kinga ni kuuzuia ukuta usipate jua tangu mwanzo.

Kisha fundi aliomba chetezo chenye ubani. Mke wa karani akacheka, akadhani mzee anataka kufukuza mashetani. Lakini fundi alikiweka chetezo katikati ya chumba akautazama moshi. Ukapanda moja kwa moja, ukajikusanya juu, ukasimama. Nje kulikuwa na upepo mzuri wa kusi, na dirisha lilikuwa wazi. Fundi akafungua mlango wa chumba. Mara moshi ukainama, ukaanza kwenda kuelekea ukumbini. Akaufunga, moshi ukasimama tena. Hewa haiingii chumbani isipokuwa na pa kutokea, kama vile chupa iliyojaa isivyoweza kumiminiwa maji zaidi. Chumba kilikuwa na dirisha moja tu, na mlango ulifungwa usiku kwa ajili ya stara, kama ipasavyo. Fundi akaonyesha mahali juu ya mlango pa kutoboa tundu pana na kulitilia mbao za nakshi, ili hewa ipite na mtu asionekane.

Tena akapitisha kidole juu ya wavu wa mbu wa dirishani, kikatoka cheusi. Vumbi lilikuwa limeziba macho yake. Karani akasema, “Basi niung’oe kabisa?” Fundi akakataa kwa ukali. Mtu aondoaye wavu ili apate upepo amebadilishana fukuto kwa homa ya malaria, na mtoto mchanga hawezi kulipa bei hiyo. Wavu huoshwa. Na chandarua cha kitanda hubaki mahali pake. Tena kitanda chenyewe kisogezwe mahali ambapo moshi wa ubani ulionyesha njia ya hewa, maana chandarua hupunguza upepo, na mtu aliye pembeni humo huwa hapati kitu.

Jambo la tatu lilionekana nyuma ya kabati: ukuta ulikuwa na madoa meusi ya kuvu, na nguo zilizokunjwa zilinuka uvundo. Karani alidhani maji yanapanda kutoka ardhini, akawa tayari kuubomoa ukuta. Fundi alikata kipande cha nailoni, kama shubiri mbili, akakibandika ukutani na kuziba kingo zake zote kwa gundi ya karatasi, akasema kiachwe siku mbili. Siku mbili zilipopita, maji yalikuwa juu ya nailoni, upande wa chumbani. Nyuma yake kulikuwa kukavu. Kama maji yangetoka ukutani, yangeonekana nyuma. Basi yalitoka hewani, kama vile matone yaonekanayo juu ya gilasi ya maji baridi: hewa yenye mvuke ikigusa kitu baridi, shehena yake humwagika.

Na mvuke ule ulitoka wapi? Siku za mvua nguo za mtoto zilianikwa ndani ya chumba, na wali ulipikwa katika ujia. Tena kila mtu alalaye hutoa kwa pumzi na ngozi yake gramu 30 mpaka 50 za mvuke kila saa. Watu watano kwa usiku mmoja hutoa zaidi ya lita moja. Hewa ikipita, mvuke huo huenda zake. Hewa isipopita hukaa, na kuvu hupata chakula, na mwenye pumu hukohoa. Nguo zikaamriwa kuanikwa barazani, kabati likasogezwa mbali na ukuta kwa kadiri ya kiganja, na jiko likatolewa nje. Kwa habari ya jiko, fundi alisema neno zaidi: makaa yasiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo imeua watu wengi usingizini.

Ndipo karani akauliza habari za feni na kiyoyozi. Feni haipozi chumba. Kipimajoto kikavu kikiwekwa mbele ya feni husoma kama kilivyosoma kwanza. Feni humpoza mtu kwa kuondoa mvuke ulio karibu na ngozi yake na kuleta hewa nyingine. Upepo wa mwendo wa mita moja kwa sekunde, ambao ni mdogo, humfanya mtu ajisikie kama joto limepungua digrii mbili au tatu. Kwa hiyo pangaboi lizungukalo juu ya chumba kitupu hula umeme bure.

Kiyoyozi ni kitu kingine. Mwaka 1902 Willis Carrier alitengeneza mtambo kwa ajili ya kiwanda cha kupiga chapa cha Brooklyn, katika Marekani, ambako karatasi zilivimba na kunywea kwa unyevu hata rangi zikakosa kukaa mahali pake. Kazi yake ya kwanza basi ilikuwa kutawala mvuke, wala si kumfurahisha mtu. Hata leo kiyoyozi hufanya kazi mbili: hupoza hewa na kuikamua maji, na maji yake huonekana yakidondoka katika mrija ulio nje. Mrija huo ndio wa kutazamwa. Kiyoyozi kikubwa mno katika chumba kidogo hupoza upesi, kikazima, kikawaka, kikazima tena, wala hakipati wakati wa kukamua. Mrija hudondoka kidogo, na chumba huwa baridi na chepechepe kama pango. Watu wa nyumba hiyo huzidi kupunguza digrii, na kuvu huzidi kuota. Na kiyoyozi kifanyacho kazi madirisha yakiwa wazi hukamua hewa ya bahari nzima, kazi isiyokwisha.

Karani aliiweka akiba yake. Matundu yakafunguliwa, dari ikawekwa, bati likapakwa rangi, na kitanda cha mama kikahamishwa. Mtoto alioga maji safi jioni, akalala bila nguo nyingi, na harara zake zikakauka siku baada ya siku. Ukuta wa magharibi peke yake ulibaki na joto, kwa kuwa dawa yake haipatikani dukani: karani alipanda mwarobaini mbele yake, nao utahitaji miaka kadhaa kabla ya kuufunika. Mpaka hapo jamvi kuukuu hutundikwa nje ya ukuta, kadiri ya shubiri moja mbali nao, kila siku ifikapo saa nane mchana, na mjukuu mkubwa ndiye aliyepewa kazi ya kulitundika.